Jimulike, Usimwite

Simu yangu ya kwanza ya maana imelala chini ya Ziwa Nyasa, mahali fulani kati ya Ikombe na Matema, na aliyeipeleka huko ni mfinyanzi mmoja, kwa pigo moja la kasia. Hakuniomba radhi asubuhi ile, wala wiki iliyofuata, wala mwaka uliofuata. Kila nilipomkumbusha alinijibu hivi: "Simu si ipo? Inajua ilipo. Wewe ndiye ungekuwa hatujui ulipo."

Nimejaribu mara nyingi kumwandika kwa sauti laini zaidi ya hiyo. Nimeshindwa. Kila ninapomlainisha anageuka kuwa bibi mwingine, bibi wa kwenye vitabu, anayeketi mahali pa kivuli na kutoa hekima taratibu. Huyu hakuwa na taratibu. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye sikio moja tu linalofanya kazi, na alitaka jambo dogo sana hapa duniani: kufika sokoni na vyungu vyake bila kugongwa na boti gizani. Miaka yote niliyomfahamu jambo hilo dogo lilikuwa kubwa mno kwa kila aliyeombwa kulifanya.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kwetu ni Matema. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine kuna njia ya miguu inayopanda na kushuka kwenye mawe, njia ya mbuzi hasa, na kuna ziwa. Mtu mwenye vyungu ishirini hapiti njia ya mbuzi. Kwa hiyo kila Jumamosi, siku ya soko la Matema, mfinyanzi alivipanga vyungu vyake kwenye mtumbwi wa gogo, akavitenganisha kwa majani makavu ya migomba, akaondoka kungali giza ili afike kabla upepo wa Mwera haujaamka. Mimi nilipanda naye kwenda nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji yaliyoingia ndani na kunyamaza. Kuchota niliweza.

Saa hizohizo boti za mashine nazo huwa njiani. Zipo zinazokusanya usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi na kuwahi magari ya Kyela. Zipo zinazoleta watu na mizigo kutoka kwa ndugu zao upande wa Malawi. Ipo moja au mbili za wageni wa hoteli wanaotaka kuliona jua likichomoza wakiwa majini. Zote zina haraka, na karibu zote hazina taa. Boti ikishika kasi huinua pua, na dereva aliyeketi nyuma huona pua yake na nyota. Mtumbwi uliojaa vyungu umebakiza vidole vitatu juu ya maji. Kwa dereva yule, sisi tulikuwa mstari mweusi uliochorwa juu ya weusi.

Siku ya simu tulikuwa tunakaribia mwamba unaotokeza ziwani, pale ambapo kila chombo lazima kizunguke. Nikasikia mngurumo, na mara boti ikachomoza upande wa pili, nyeusi, ikija. Nilifanya ambacho ungefanya wewe. Niliwasha tochi ya simu, nikanyoosha mkono juu, nikaipunga kwa nguvu zangu zote. Boti ikageuza pua na kuja kwetu.

Ndipo kasia lilipotua mkononi mwangu. Simu ikaenda. Sijui mfinyanzi alifanya nini kwa muda ule mfupi, ila mtumbwi ulijibana kwenye mawe hadi ubavu ukakwaruza, na boti ikapita tulipokuwa tumesimama sekunde chache nyuma. Halafu likaja wimbi lake. Alikuwa ameshaligeuzia pua ya mtumbwi, tukapanda, tukashuka, vyungu viwili vikagongana na kupasuka. Dereva alipunguza kidogo, akazunguka, akaangaza huku na huku akitafuta aliyemwita, asione mtu, akaondoka akitukana.

Mfinyanzi aliusukuma mtumbwi kutoka kwenye mawe kwa kasia.

"Nani amekufundisha kumwita?"

"Sikumwita, Bibi! Nilimwonyesha kwamba tupo."

"Ulimwita."

Na alikuwa na haki. Pwani yetu yote, kuanzia Ikombe hadi kule mto Songwe unakomwaga maji yake, tochi inayopungwa ina maana moja: njoo. Mvuvi aliyejaza usipa hupunga tochi, na mnunuzi wa kwanza kufika ndiye anayepata. Abiria aliyesimama juu ya jiwe hupunga tochi. Mama mwenye gunia la mchele hupunga tochi. Dereva akiiona haulizi, anakuja, tena mbio, asije akatanguliwa na mwenzake. Mchana kila mtu analijua hilo. Gizani, hofu ikikushika, mkono unasahau, na unamwita kwa nguvu zote mtu unayetaka akupite mbali.

"Sasa mtu afanye nini?" niliuliza. Mkono ulikuwa unaniuma, na hasira ndiyo iliyouliza. "Akae gizani afe kimya?"

"Ajimulike," alisema. "Jimulike, usimwite."

Neno hilo sikulielewa hadi nilipoona chombo alichokuja nacho baadaye. Alikuwa amefinyanga chungu kipana, kifupi, chenye mdomo mkubwa upande mmoja, akakipaka udongo mweupe ndani hadi kikang'aa kama ganda la yai. Alikiweka miguuni pake, akalaza tochi ndani yake, mwanga ukielekea kwake yeye. Tochi yenyewe huioni. Unachoona ni mtu: shuka jeupe begani, mikono inayopiga kasia, uso wenye hasira. Mwanga haukumwumiza yeye macho kwa sababu ukingo wa chungu uliukata chini ya kidevu. Haukumpofusha dereva kwa sababu haukumwelekea. Wala haukupunga. Dereva angeona mtu anayekwenda zake, na mtu anayekwenda zake hajamwita yeyote.

"Taa peke yake ni mwongo," alinieleza. "Ziwa limejaa taa. Wavuvi wa usipa wana taa, na wamesimama. Dereva akiona taa anasema, huyo kasimama, nampita pembeni. Kumbe mimi naenda, nami naenda hukohuko pembeni. Lakini akiona mikono inapiga kasia, hata mlevi anajua huyu anakwenda wapi."

Ufukweni Matema chungu kile kilikuwa kichekesho cha mwezi mzima. Vijana wa kushusha mizigo walimngoja kwa salamu ya kwetu.

"Bibi, mugonile! Leo umepika nini humo?"

"Macho ya dereva."

"Yameiva?"

"Bado mabichi. Yanataka kuni nyingi."

Walicheka, naye alicheka nao, kisha alipowapa kisogo alitukana kimyakimya. Alijua kwamba kichekesho ni njia ya watu kukikataa kitu bila kugombana. Wafinyanzi wenzake nao walicheka. Walimwambia ataonekana na askari, ataonekana na majambazi, ataonekana na mamba. Mmoja alisema kujimulika ni kujisifu, mwanamke mzima kujiwekea taa kama harusi. Yeye alimjibu kwamba maiti nayo huwekewa taa, achague.

Hata hivyo usidhani alikuwa mtu wa kufuata maneno yake mwenyewe. Hapa ndipo aliponichosha.

Nilipopata nafasi ya kwenda Mbeya nilimletea jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya machungwa, lenye mikanda. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema "ndaga fijo", asante sana, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona tena kwake. Jumamosi iliyofuata nilifika mtumbwini nikakuta chungu kimevaa jaketi. Lilikuwa limefungwa mikanda yote mitatu kwenye chungu kikubwa cha pombe, kile cha kumwagiwa sifa sokoni.

"Bibi!"

"Chungu hakijui kuogelea."

"Na wewe unajua?"

"Mimi? Hapana."

"Sasa?"

"Sasa jaketi linanibana kwapa. Nitapigaje kasia? Unataka nielee vizuri mahali pamoja nikingoja boti inipitie?"

Tuligombana kwa jambo hilo miaka mitatu. Nilimwambia kuelea ukiwa umegongwa ni bora kuliko kuzama ukiwa umegongwa. Alisema bora kutogongwa. Nilimwambia yote mawili yanawezekana. Alisema walimu wanapenda yote mawili kwa sababu hawabebi hata moja. Nikanuna. Nikachota maji. Chungu kikaendelea kusafiri kikiwa salama kuliko sisi sote.

Filimbi, ambayo sikumnunulia, aliipenda. Aliitafuta mwenyewe Kyela mjini, kwenye duka la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Pwani na ambaye huuza kila kitu kuanzia kandili hadi sahani za harusi. Nilikuwa naye siku hiyo. Mzee alimletea filimbi ya plastiki. Mfinyanzi akaipuliza palepale dukani, mbele ya wateja, hadi mtoto mgongoni mwa mama yake akaanza kulia.

"Hii inasikika umbali gani?"

"Inasikika hadi kwa refa mwenyewe, mama," alisema mwenye duka, ameziba masikio.

"Simwiti refa. Namwita mtu mwenye mashine inayonguruma, amevaa kofia ya sweta, anasikiliza muziki."

"Huyo, mama, hata tarumbeta la siku ya kiyama litampita."

Aliinunua. Njiani alikiri kwamba mzee alikuwa na haki, dereva hawezi kuisikia. Filimbi ilikuwa ya kusikilizana wao kwa wao, mitumbwi, kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Kwa mashine alikuwa na njia nyingine. Kabla ya kuzunguka mwamba alisimamisha mtumbwi, akazamisha bapa la kasia majini, akaweka sikio kwenye ncha ya mpini. Lilikuwa sikio lilelile bovu, lisilosikia hata kengele ya shule. Kupitia mti alisikia mashine ikiwa mbali kabisa, kabla mimi sijasikia chochote kwa masikio yangu mawili mazima. "Mmoja," alisema. Au, "Wawili, wa pili ana mashine kubwa." Tukangoja tumejibana kwenye mawe, mahali ambapo boti haiwezi kusogea bila kuvunja mashine yake, hadi mmoja apite, na wa pili apite. Nilijaribu na mimi kusikiliza kwa kasia. Nilisikia maji tu, na mapigo ya damu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo alikuwa na chungu, na filimbi, na kasia, na mawe. Alichokosa ni upande wa pili. Kila alichokifanya kilikuwa cha mtu mdogo kumkwepa mkubwa. Aliomba mkubwa naye afanye kimoja tu: pale kwenye mwamba apite mbali na apunguze mwendo. Si ziwa zima. Mwamba mmoja.

Mkutano ulifanyika. Niliuandikia barua mimi, tena barua nzuri, naweza kusema hivyo leo bila aibu. Walikuja viongozi wa kijiji, walikuja wavuvi, walikuja madereva sita na kiongozi wao, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole inayokera kuliko matusi. Mfinyanzi alikuja na chungu chake chini ya kwapa.

"Bibi yangu," kiongozi wa madereva alisema, "taa ikiwaka mbele ya boti, dereva haoni kitu. Anaona ukuta tu. Tuwashe taa gani?"

"Sijaomba taa. Nimeomba mpunguze."

"Tukipunguza, usipa unaoza."

"Unaoza kwa muda wa kuzunguka jiwe moja?"

"Muda huo ndio gari la Kyela linaondoka."

Watu wakacheka kidogo. Kisha akaongeza, bado kwa upole: "Na tuseme ukweli mbele ya wote. Yule mama aliyegongwa akafa pale mwambani miaka ile, Mungu amrehemu. Mtumbwi wake ulimulika. Tochi ilipungwa. Hapa kwetu kupunga ni kuita. Dereva aliitwa, akaenda. Tumlaumu nani?"

Nilimgeukia mfinyanzi nikingoja. Mtu huyu alikuwa na jibu kwa mwenye duka, kwa vijana wa mizigo, kwangu mimi kila siku ya Mungu. Alikuwa anatoa udongo chini ya kucha zake. Akatoa ukucha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akasema "Ndaga," akabeba chungu chake, akatoka nje. Mkutano uliazimia kwamba wananchi wawe waangalifu. Ofisi ilibandika karatasi ukutani yenye picha ya mzungu aliyevaa jaketi ndani ya jahazi jeupe.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia madereva. Jumamosi ile sikuchota maji vizuri, kwa makusudi. Tulipofika mwambani akasimamisha mtumbwi, lakini hakuweka sikio kwenye kasia.

"Tulikuwa wawili," alisema. "Mimi na yule mama. Tulichoma moto mmoja."

Nilijua maana yake. Wafinyanzi wa Ikombe hawachomi vyungu kwenye tanuru. Huvipanga uwanjani, huvifunika kuni na nyasi, na wawili wakiaminiana hupanga vyungu vyao kwenye moto mmoja, nusu vya huyu na nusu vya yule, kwa sababu moto ukiharibika wanaharibikiwa wote. Nilikuwa nimemwona akichoma peke yake mara nyingi. Nilikuwa nimeona pia kwamba alipanga vyungu vyake upande mmoja tu wa duara na kuuacha upande wa pili majivu matupu. Nilidhani ni uchache wa vyungu.

"Alikuwa anapiga kasia. Mimi nilikaa mbele, pale unapokaa wewe. Tochi ilikuwa mkononi kwangu."

Maji yaligonga mawe, yakanyonya, yakagonga tena.

"Niliipunga hivi," alisema, akainua mkono mtupu, akaupunga mara tatu gizani. "Nikafurahi nilipoona amegeuka. Nilidhani amegeuka kutukwepa."

Ningepaswa kunyamaza, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Badala yake nilisema lile ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa sahihi au ukatili. Nilimwambia angeyasema hayo mkutanoni. Wangemsikiliza. Wangeelewa kwamba mtu mwenye hofu anapunga, kwamba dereva hawezi kujua gizani nani anaita na nani anaogopa, na kwamba ndiyo maana lazima apunguze kwa kila mtu.

"Wangesikia nini? Kwamba nimeua?"

"Wewe hukuua!"

"Yule mnene alisema vizuri. Kupunga ni kuita. Basi mimi nimeacha kuita." Akachovya kasia. "Bado wao kuacha kukimbia."

Baada ya hapo niliandika barua nyingine mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba ile ya kwanza inafanyiwa kazi. Nilimsomea majibu hayo akiwa anasugua chungu kwa kokoto, akitoa ule mlio mwororo wa jiwe juu ya udongo mbichi. Aliniuliza kama karatasi ni ngumu. Nikasema ni ngumu kiasi. Akaomba moja ya kuwashia moto. Nilimpa zote mbili. Moto uliwaka kwa upande mmoja wa duara, kama kawaida.

Nikapata ajira Mbeya, nikaondoka. Nilianza kuandika hadithi, nikakutana na watu wanaojadili vitabu hadi chai inapoa, na kila nilipowasimulia habari za mfinyanzi walisema, "Mzuri sana huyo, mhusika kabisa." Neno hilo liliniudhi. Mhusika hupumzika ukifunga kitabu. Yeye kila Jumamosi alikuwa mwambani.

Mwaka jana, msimu wa kiangazi, mwalimu mkuu wangu wa zamani alifiwa na mkewe, nami nikashuka Matema kwenda kuzika Ikombe. Boti ya kwanza iliondoka alfajiri, Jumamosi. Tulikuwa abiria watano, wanne wakiwa wamelala chini ya turubai. Mimi nilikaa mbele. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, mwenye heshima, aliyeegemeza simu kwenye goti akitazama mabao ya mechi ya jana.

"Kaka, huna taa?"

"Dada yangu, njia hii naijua hata nikiwa usingizini."

"Na sasa uko usingizini?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Tulipokaribia mwamba nilimwomba apite mbali na apunguze. "Si tunawahi msiba?" alisema, na uso wake ulikuwa wa buluu kwa mwanga wa simu.

Nimewahi kuliona giza lile kutoka mtumbwini. Sikuwa nimewahi kuliona kutoka hapo juu. Hakuna kitu. Nakwambia hakuna kitu. Nilikodoa macho nikijua kabisa ninachotafuta, mahali ninapopafahamu, na bado ziwa lilikuwa ukuta unaorudi nyuma kwa kasi. Ndipo upande wa kushoto, chini kabisa, nikaona mikono. Mikono miwili myeupe kwa mwanga, inapanda, inashuka, na juu yake uso usio na mwili, na mbele ya uso kitu cha rangi ya machungwa.

"Punguza! Kuna mtu! Punguza!"

Aliinua macho, akakata mafuta. Boti ikaketi majini, na wimbi letu wenyewe likatupita likaenda mbele kwenye mawe. Mtumbwi ulikuwa umeshageuza pua. Ukapanda, ukashuka. Alikuwa amejibana mahali pasipofikika na boti yetu hata tungetaka. Alikuwa amejimulika, na bado alikuwa amejipanga kana kwamba hakuna aliyemwona.

"Nani huyo anapiga kelele?"

"Ni mimi, Bibi! Mwalimu!"

"Mwalimu wa simu?"

"Ndiye."

"Umenunua nyingine?"

Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja, kisha furaha ikanipanda: amevaa jaketi! Baada ya miaka yote, amevaa. Nikainama kuangalia vizuri. Lilikuwa limefungwa mikanda mitatu kwenye chungu cha pombe, mbele yake. Yeye alikuwa na shuka lake tu.

Dereva alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa hutafuta wa kulaumu. "Bibi, mbona umejitokeza ghafla? Ungewasha mapema!"

"Mimi nimewasha tangu Ikombe," alisema mfinyanzi. "Wewe ndiye umewasha sasa hivi."

Kijana akaizima simu yake. Akashika mpini wa mashine kuondoka.

"Ngoja," alisema mfinyanzi. Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza mara mbili.

Kutoka nyuma ya mwamba, mahali hasa ambapo tungezunguka kwa mwendo ule, ukatokea uso. Chini ya uso, mikono. Nyuma yake ukatokea mwingine. Kisha wa tatu, na wa nne, wanawake waliojimulika kwa vyungu vyeupe, wakipiga kasia taratibu, vyungu vyao vya sokoni vimelala gizani nyuma yao. Yeye alitangulia kusikiliza, wao walingoja filimbi yake. Nilimtambua yule aliyesema kujimulika ni kujisifu. Walitupita mmoja mmoja, karibu sana. "Mugonile," walituambia, kila mmoja, kwa adabu kamili, kana kwamba tumekutana njiani kwenye mpunga.

Dereva aliwatazama hadi wa mwisho. "Ningewapita katikati," alisema, si kwa yeyote.

Tukaondoka polepole. Nilihesabu muda kimoyomoyo, kwa maana nawafahamu watu wa kwetu, na kweli, kabla mwamba haujafichika nilisikia mashine ikianza kupanda sauti kidogo, kwa mazoea tu ya mkono. Mbele yetu palikuwa bado ni giza, na kutoka Ikombe wangeweza kuja wengine. Nikavua kitambaa changu cheupe cha msiba, nikakifunga begani, nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kifuani pangu mwenyewe.

"Dada, unaniumiza macho. Sioni mbele."

"Basi nenda taratibu."

Akapunguza. Nyuma, kutoka majini, ile sauti ikatufikia, haina upole hata chembe.

"Hivyo hivyo, Mwalimu! Na hiyo ishike vizuri!"

"Na wewe vaa jaketi!" nilipiga kelele. "Bibi! Vaa jaketi!"

Nilimwona wazi ndani ya mwanga wake. Aligeuza kichwa taratibu, akanielekezea sikio bovu, akaendelea kupiga kasia.